Blanketi la Bibi wa Kasulu

Kura ilipigwa jikoni, mchana kweupe, Yustina akiwa ameshika mwiko.

Ilikuwa Juni ya mwaka tisini na tano, mwaka ambao kila redio pale Kawajense, mjini Mpanda, ilikuwa haina habari nyingine ila vyama vingi na masanduku ya kura. Severini, mume wake, akaona naye ailete demokrasia nyumbani kwake. Akasimama mlangoni, kofia ya kazi kichwani, kifua mbele kama mgombea.

"Haya, wananchi! Likizo ni moja na pasi ni moja. Anayetaka twende Kasulu kwa bibi yenu, kwenye ile baridi ya kukata masikio, anyooshe mkono."

Yustina akanyoosha mwiko. Tonge la ugali likadondoka kwenye majivu.

"Na anayetaka twende Dar es Salaam, kwenye maonyesho ya Saba Saba, akapande bembea?"

Mikono ikapaa. Wa Scola, binti mkubwa wa miaka kumi na mitatu, uliruka kwanza. Leonidas wa miaka tisa akanyoosha yote miwili. Prisila, ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni, akanyoosha wake kwa sababu wenzake wamenyoosha. Severini akamalizia na wa kwake, taratibu, kama mtu anayesikitika sana kushinda.

"Sauti ya wengi, sauti ya Mungu, mama Scola."

"Sauti ya wengi wanaokula ugali wangu," Yustina akajibu. "Kesho mpige kura nyingine, nani apike."

Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Aliusonga ule ugali mpaka sufuria ikahama kwenye mafiga.

Lazima ieleweke hiyo pasi ni kitu gani. Severini alikuwa mtu wa gengi, wale wanaotengeneza njia ya reli, wanaobadili mataruma yaliyooza na kukaza boliti juani. Mtu wa reli akienda likizo hupewa pasi ya kusafiri na mkewe na watoto wake, bure, safari moja kwa mwaka, kwenda na kurudi, na kituo cha mwisho kinaandikwa palepale kwenye pasi. Wenzake walikuwa wanaenda mpaka Mwanza. Familia ya Severini, tangu Yustina aolewe, haikuwa imekwenda popote. Kila likizo iliishia shambani Kasokola, kwenye mahindi na karanga za ukoo wa mume, jembe likiwa ndiyo treni yenyewe. Miaka kumi na minne! Mama yake Yustina, kule Kasulu, kwenye milima ya Buha, wajukuu aliwasikia kwa majina tu.

Mwaka huu Severini mwenyewe ndiye aliyesema, jamani sasa tutoke. Yustina akaanza kuota moshi wa jikoni kwa mama yake, ukungu wa asubuhi, maharage na ndizi. Halafu akatokea Josephat. Huyu alikuwa gadi wa treni, mtu wa maneno mengi na viatu vinavyong'aa, na ndiye aliyewajaza watoto hadithi za Saba Saba. Kuna gurudumu kubwa kuliko tanki la maji la stesheni, alisema, watu wanakaa ndani yake na linawapandisha mpaka wanaiona bahari. Kuna vigari vya umeme, unaendesha mwenyewe, unamgonga mwenzako, na badala ya kukamatwa na polisi unachekewa. Leonidas hakulala. Scola alilitangazia darasa zima.

Nani angewalaumu? Mtoto wa Mpanda bembea anayoijua ni kamba ya katani kwenye mti. Yustina mwenyewe alijiuliza, mtu akiwa juu kule anaona nini? Lakini alikuwa na hasira, na ilimkera zaidi kwa sababu hakujua aielekeze kwa nani. Huwezi kumkasirikia mtoto kwa kupenda bembea.

Siku ya tatu ya hasira hiyo akaja wifi yake, Matilda, kutoka Kasokola, na kapu la karanga kichwani. Alimkuta Yustina uani akianika matandiko. Kambani lilikuwa linaning'inia blanketi lake la harusi, zito, la kijivu, lenye mistari miwili myekundu pembeni. Matilda akatua kapu, akalitazama blanketi, akamtazama na wifi yake.

"Nasikia bado unang'ang'ania Kasulu."

"Nimeshindwa kwa kura, wifi. Kaka yako amekuwa mwanasiasa."

"Si umwonee huruma tu? Mwenzio anaogopa."

"Anaogopa nini? Aliniambia njia imejaa wakimbizi."

"Wakimbizi!" Matilda alicheka mpaka akashika kiuno. "Yule anamwogopa huyo hapo kambani."

Yustina akageuka. Kambani hapakuwa na mtu. "Blanketi?"

Kicheko cha Matilda kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. "Mayo wane, mama yangu! Ina maana hujui? Nyie miaka yote hiyo mmelala, na hajakwambia? Wifi, hilo si lako. Hilo ni la mama yako. Ndilo blanketi la mkwe."

Kwao Yustina, posa ikikubaliwa, ng'ombe hupangwa na majembe hupangwa, na hapo wanaume wanaweza kubishana mpaka mate yawakauke. Lakini blanketi la mama halibishaniwi. Ni la yule aliyembeba binti mgongoni, akaloweshwa na mkojo wake, akakesha naye kwenye baridi. Mkwe asiyelitoa, hata awe na ng'ombe mia, akifika ukweni hakaribishwi ndani. Anawekewa kigoda nje, ale nje, kama mpita njia. Yustina aliambiwa siku ya kuondoka kwamba Severini ameahidi kulituma. Akaamini limetumwa. Mtu atauliza jambo kama hilo mara ngapi?

"Alilinunua Tabora mlipokuwa mnakuja," Matilda akaeleza, sasa kwa sauti ya chini, macho kwenye vidole vya miguu. "Alitaka kumpa mtu wa treni ya Kigoma alipeleke. Ila wewe ulifika na homa, ukawa unatetemeka. Mimi ndiye niliyelifungua nikakufunika. Nilijua atanunua lingine."

Yustina alisimama palepale, kibanio mkononi. Hasira ikampanda kutoka kwenye nyayo. Aliliangalia lile blanketi kama anaangalia mtu aliyemwibia. Tundu lile la pasi ya mkaa, yeye ndiye aliyeliunguza. Doa lile la dawa ya surua. Na pale katikati, palipofifia, ni Leonidas, ambaye alikojoa kitandani mpaka alipoanza shule. Mkojo wa Leonidas! Blanketi la kumfuta mama mkojo wa binti yake, na mjukuu naye akaja kulikojolea!

Halafu akakumbuka salamu. Kila aliyetoka Kasulu alimletea salamu za mama yake, na kila mara zilikuwa hizo hizo: mwambieni Yustina baridi ya mwaka huu imezidi. Na yeye, huku amejifunika vizuri, alikuwa anarudisha jibu: mwambieni mama aote moto.

"Ondoka, wifi," akasema. "Ondoka kabla sijakutukana na wewe, maana wewe huna kosa kubwa."

Matilda akaondoka hata kapu akaliacha.

Severini alirudi kutoka kazini saa kumi, mabega yamejaa vumbi la kokoto. Akamkuta mkewe amekaa kwenye kigoda katikati ya ua, blanketi limekunjwa mapajani.

"Baba Scola, hili ni la nani?"

Akalitazama blanketi. Akalitazama jembe lililokuwa ukutani. "Si letu?"

"Umesema kweli bila kutaka. Si letu. La nani?"

Kuku akapita kati yao.

"Ulikuwa mgonjwa," Severini akasema mwishowe. "Ningemvua mgonjwa blanketi?"

"Homa yangu ilikaa wiki moja."

"Nilisema nitanunua lingine. Kila mwaka nilisema. Sasa mwaka ukipita, wa pili ukapita, mtu anafikaje? Kwa uso gani? Nikakae kwenye kigoda cha nje, watoto wangu wananiangalia?"

"Kwa hiyo ukawapigisha kura."

"Watoto wanapenda—"

"Watoto wanapenda bembea, na wewe ukajificha nyuma ya bembea! Mwanaume mzima, mikono inanyanyua reli, inashindwa kunyanyua blanketi!"

Majirani walikuwa wameanza kuchungulia juu ya ua wa mabua. Severini akashusha sauti. "Mama Scola, pasi imeshaandikwa Dar es Salaam. Haibadiliki. Sikiliza, nikifika kule nitanunua jipya, zuri, la kutoka ng'ambo, tutalituma."

"Utalinunua Dar, utajifunika Kawajense."

Scola alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mama," akaanza, machozi yakimlengalenga, "ina maana hatuendi? Nimeshawaambia darasa zima."

Mkono wa Yustina uliinuka. Ukabaki juu, ukashuka peke yake. "Utakwenda," akamwambia. "Kwani nani amekwambia huendi?"

Kuanzia hapo hakusema tena. Alizipeleka karanga zake sokoni, zile za kilimo cha jasho lake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza fedha amezifanyia nini. Alilifua blanketi kwa sabuni ya mche, akalianika, akalifua tena. Tundu la pasi akalishonea kiraka cha kitambaa chekundu, kilichoendana na mistari. Usiku watoto walilala wamejifunika shuka na magunia matupu, na Leonidas aliponung'unika kwamba anasikia baridi, mama yake akamjibu, "Vizuri. Sasa unajua."

Siku ya safari walipanda behewa wote watano. Severini alibeba sanduku, Yustina akabeba blanketi, limefungwa kwenye kanga, na hakukubali mtu amsaidie. Treni ilitoka Mpanda ikaingia kwenye miombo, na Severini akawa anawaonyesha watoto mataruma aliyoyaweka kwa mkono wake, lile, na lile pale, kwa sauti ya furaha kuliko ilivyohitajika. Yustina alitazama dirishani. Safari yake ya kwanza tangu aje kama bibi harusi, na hakuona hata mti mmoja.

Treni ilichelewa, kama kawaida yake, ikaingia Kaliua asubuhi, jua jembamba, baridi ya kipupwe ikitoka kwenye mdomo wa kila mtu kama moshi. Kaliua ndipo reli ya Mpanda inapokutana na reli kubwa. Ukielekea huku unakwenda Tabora mpaka Dar es Salaam. Ukielekea kule, Kigoma, njia ya kwenda Kasulu.

Yustina akasimama. Akamfunga Prisila mgongoni, akajitwika blanketi.

"Unakwenda wapi?" Severini akauliza, japo alijua.

"Nakwenda kwetu."

"Pasi yako inasema Dar!"

"Karanga zangu zinasema Kigoma."

Akashuka. Severini akamfuata mpaka kwenye ngazi ya behewa, mguu mmoja ndani, mmoja unaning'inia nje. "Mama Scola, usinitie aibu mbele ya watu. Hawa wote wananifahamu."

"Aibu?" Yustina alisema kwa sauti kubwa, na wauza karanga na wauza mayai wote wakageuka. "Aibu umejifunika miaka kumi na minne, leo ndiyo unaisikia baridi yake? Shuka basi. Lichukue, ulibebe wewe, uingie nalo kwa mama yangu, useme ni la kwake na tumelichakaza. Atakutukana. Halafu atakukaribisha ndani. Shuka!"

Filimbi ikalia. Kule nyuma gadi akanyanyua bendera ya kijani. Severini aliangalia ardhi ya Kaliua, kokoto zile zile anazozijua kuliko uso wa mkewe. Ule mguu ulioning'inia ulisogea kidogo, ukatafuta mahali pa kukanyaga.

Kisha ukarudi ndani.

"Nitalileta jipya," akasema. "Haki ya Mungu, mama Scola."

Dirishani alikuwepo Scola, nusu ya mwili nje. "Mama! Mama, umenikasirikia?"

"Wewe sijakukasirikia. Kapande hiyo bembea. Ukifika juu kabisa uangalie vizuri, uje unieleze kunaonekana nini."

"Na bibi?"

"Bibi nitamwambia mmemsalimia."

Treni ikavuta mabehewa yake, moja baada ya lingine, mpaka likabaki jukwaa, wauza mayai, na reli mbili zinazong'aa. Treni ya Kigoma ilikuwa bado haijatoka Tabora, hakuna aliyejua itafika saa ngapi. Yustina akaketi kwenye benchi la saruji. Hasira haikuwa imepungua hata kidogo. Ilikuwa imekaa kando yake tu, kama msafiri mwenzake.

Upepo ukaja. Prisila akaanza kutetemeka mgongoni, mkono wake mdogo ukavuta ile kanga iliyofungiwa blanketi. "Mama, baridi. Nifunike."

Yustina akausogeza mkono wa mtoto. Akafungua kitenge alichovaa juu ya gauni lake, cha pekee kilichokuwa kinamkinga yeye, akamzungushia mtoto mara mbili mpaka kidevuni. Yeye akabaki na gauni jepesi, meno yanagongana, mikono yote miwili juu ya blanketi lililokunjwa.

"Hilo usiliguse," akamwambia. "Hilo lina mwenyewe."