Sindano Nane za Mzee wa Kalerwe

Siku zile za utawala wa wanajeshi, watu wenye diploma ya ufugaji wa nguruwe kutoka Denmark walikuwa wa kuhesabika hapa Kampala. Mimi nilikuwa mmoja wao. Hakuna aliyenisomesha. Nilisafisha mabanda ya Wazungu miaka mitatu, nikasoma jioni, nikarudi na suti mbili na karatasi yenye muhuri.

Nilijenga banda Kalerwe kwa mikono yangu, nikaweka majike sita ambao hawajawahi kuzaa. Dume pekee mtaani lilikuwa la jirani yangu, polisi mstaafu. Asubuhi moja nilimpelekea jike mmoja, nikiwa na suti, wateja wake wa nyama wamejaa uani. Jike hakuwa amepata joto, ile hamu ya dume. Alilikimbia dume, akaniburuta matopeni.

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Daktari ya nguruwe," akasema, "hiyo karatasi yako tundika bandani. Labda nguruwe zako zitaisoma, zipate joto."

Tangu siku hiyo soko zima likaniita Karatasi.

Nilimwandikia mwalimu wangu wa Denmark. Dawa ikaja kupitia Nairobi, ndani ya mzigo wa mchuuzi: vichupa vya unga wa homoni, wa kuchanganya na maji safi. Ukimdunga nyuma ya sikio jike aliyefikisha umri lakini hajaanza joto, huanza baada ya siku nne au tano. Wangu walianza siku ya tano, wote sita. Nikiwabonyeza mgongo, wanasimama kama mawe, tayari kupandwa. Nikawapeleka Namuwongo kwa dume la mfanyabiashara mmoja Mkongo. Watano walizaa.

Mzee akaja kwangu, kofia mkononi. "Mwanangu, nisaidie na hiyo sindano. Nguruwe zangu nane, nataka zizae pamoja. Nimeahidi kapteni watoto ya Pasaka."

Kapteni yule wa jeshi hakuwa mtu wa kumwahidi kitu ukakosa kutimiza.

Nilikwenda. Migongoni mwa majike wake niliona alama za kwato, tope bado bichi. Walikuwa wakipandana, joto walikwisha kulianza. Chuoni, jambo la kwanza tulilofundishwa ni kumuuliza mwenye nguruwe: wamewahi kupata joto? Akisema ndiyo, rudisha sindano mfukoni, maana dawa ile inaweza kuvuruga mzunguko wao, mayai yasitoke, vifuko vya mayai vikajaa maji.

Sikuuliza. Niliwadunga wote wanane, mkono wangu umetulia, naye akinishikia masikio yao.

Dume lake lilihangaika bure. Jike mmoja tu alishika mimba, akazaa watoto wawili. Pasaka ilipofika kapteni alituma lori, likachukua dume. Mzee alishukuru kwamba halikumchukua yeye.

Kufikia hapo nilikuwa nimelinunua dume la yule Mkongo. Mzee akaja langoni kwangu na jike wake kwenye kamba. Nilimwacha asimame mpaka wateja wajae, kisha nikamuuliza kwa sauti ya kufika barabarani: "Mzee, kabla ya ile sindano, majike wako walikuwa wamewahi kupata joto?"

"Mara mbili, tatu," akajibu. "Sasa mbona siku ile hukuniuliza?"

"Karatasi nilikuwa nimeitundika bandani," nikamwambia, nikafunga lango.