Senti ya Tundu Upande wa Jikoni

Majivu ya zamani yana harufu yake. Si ile kali ya jiko la asubuhi hii. Ni harufu baridi, yenye chumvichumvi, inayopanda polepole ukichimbua udongo mahali ambapo watu waliacha kupika miaka mingi iliyopita. Niliijua nikiwa mtoto wa shule ya msingi, Ilembo, kiangazi kimoja mahindi yalipokwisha kuvunwa na mashamba yakabaki mabua matupu. Niliishi na Shangazi Veronika, dada mkubwa wa baba. Baba mwenyewe alikuwa kibarua wa reli huko Kaliua na alikuja kwa nadra. Shangazi hakujaliwa mtoto, akanilea mimi, na kwa kuwa nilirithi jina la babu, baba yake, hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita "baba", hata aliponichapa.

Mwaka huo aliwapikia wapima madini waliopiga kambi nje ya mji wa Mpanda. Walipoondoka walimwachia mashine ndogo waliyofundishia vibarua wapya: fimbo yenye sahani ya duara chini na kisanduku cha betri juu, ikipita juu ya chuma au shaba inalia kama mbu. Hakuna aliyetufundisha kuitumia. Shangazi alishindwa mapema, maana mikononi alikuwa na bangili za shaba alizovishwa usichanani, hazitoki tena, na mashine ilizililia bila kukoma. Ikawa kazi yangu. Nilizunguka uwanja wa gulio nikitafuta sarafu walizodondosha watu, na kila nilipoinama kusikiliza, mashine ikapiga kelele. Nikachimba hadi magotini bila kupata kitu, nikahama, nikachimba tena. Watoto wenzangu wakaniita Fuko. Shangazi alikuja kunitazama, mikono kiunoni.

"Baba, hebu simama wima. Haya, inama. Simama. Inama tena." Akaketi chini kwa kicheko. "Maskini! Inalilia medali ya Bikira Maria shingoni mwako!"

Medali ikatundikwa msumarini, nami nikaanza kujifunza kweli. Nilijifunza kuipitisha sahani taratibu, karibu na ardhi, kama mtu anayefagia huku mgeni amelala. Nilijifunza kwamba kisoda hulia kwa papara na msumari hukwaruza, ila sarafu hutoa sauti moja safi, inayoanza na kwisha mahali palepale. Visoda nilivichimba vya kujaza debe. Lakini siku nilipotoa sarafu yangu ya kwanza, Shangazi aliipangusa kwa kanga, akaibusu, akaniambia nisiitumie mpaka tumemwonyesha baba.

Siku moja akiwa sokoni, nilikwenda kufanya mazoezi kwenye gofu la nyumba ya babu, nyuma ya shamba letu. Sauti safi ikaja. Nikachimba, harufu ile ya majivu ikanipanda puani, na ndani yake nikakuta senti ya tundu, fedha ya enzi za wakoloni ambayo duka lolote lingeikataa. Sikuona haja ya kumwonyesha mtu. Gari langu la waya lilikuwa na gurudumu linalochomoka, na tundu lile lilikuwa saizi ya waya wake hasa. Nikaipaka mafuta ya mgando, nikaifanya washa ya kulizuia gurudumu lisichomoke.

Kabla mvua hazijaanza, binamu yake Shangazi, Feliksi, alidai kiwanja chote cha babu na nyumba yetu iliyokuwa juu yake; kwa desturi ya ukoo kilikuwa cha mkubwa wa waliozaliwa pale, na yeye alimfuata Shangazi kwa umri. Alisema Shangazi hakuzaliwa pale, bali aliletwa mgongoni na mama yake alipokuja kuolewa. Mbele ya wazee wa mtaa akamwambia, "Dada, wewe ni mgeni uliyekaa muda mrefu tu." Baba asingeweza kutoa ushahidi, alizaliwa baada ya Shangazi.

"Kitovu changu kimezikwa hapa," Shangazi akajibu. Sisi sote husema hivyo kutaja kwetu, lakini yeye alimaanisha udongo wenyewe. Mama yake alimwambia kwamba alikizika pamoja na senti ya tundu. Akanigeukia, uso unang'aa. "Na ninaye wa kuitafuta. Kesho njooni, mtaona baba yangu anavyofanya kazi."

Senti hiyo ilikuwa garini mwangu. Ningesema palepale yangeisha: ningewapeleka kwenye shimo langu na majivu yake. Niliogopa fimbo, na zaidi niliogopa kuufuta ule mng'ao. Jioni nikachomoa senti garini, nikaifukia gofuni. Kwa giza sikuliona lile shimo langu, nikachagua mahali palipoonekana pa heshima, mlangoni.

Asubuhi mashine ililia vizuri sana. Nikachimba, nikainua senti, Shangazi akapiga kigelegele. Kisha mzee mmoja akainusa. "Mbona ina mafuta ya mgando?" Akatazama kizingiti. "Na mlangoni huzikwa kitovu cha mtoto wa kiume. Cha binti huzikwa upande wa jikoni. Nani asiyejua?"

Mimi sikujua. Shangazi alinitazama, kisha akalitazama gari langu la waya nililoliacha pale jioni, limelala ubavu na magurudumu matatu. Najua alielewa yote. Angeweza kunitaja. Akasema tu, "Basi huenda mama alinichanganya." Wazee wakacheka, na Feliksi akachukua kiwanja.

Tulihamia chumba cha kupanga Makanyagio, akawa anauza vitumbua barazani. Sikupata fimbo. Usiku wa kwanza aliniwekea senti kiganjani. "Chukua, baba. Gari haliendi kwa magurudumu matatu." Nililia, akadhani, au alijifanya kudhani, kwamba ni moshi. Alifariki nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nami sikuwahi kumwambia neno.

Siku hizi Ilembo ina nyumba za tofali za kuchoma, na vitumbua hulipiwa kwa simu. Vijana wanatafuta dhahabu kwa mashine zinazosoma kina chenyewe kwenye kioo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na kwangu yamekuja na kitukuu juu yake: mwaka huu binti wa mwanangu alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Veronika. Wakwe zake wanaishi Ilembo, karibu na gofu lile, ambalo sasa ni ukumbi wa harusi. Kitovu kilipodondoka nilikiomba. Mama mtoto alicheka, "Babu na mambo yako ya kale!" lakini akanipa, kwenye kipande cha pamba. Nikachimba mwenyewe uani kwa wakwe zake, magoti yakinilalamikia, nikakiweka chini pamoja na ile senti ya tundu. Upande wa jikoni. Kisha nikamwita baba yake, mama yake na bibi zake wote waliokuwepo, nikawaonyesha mahali.