Perege wa Mama Mkwe Ndani ya Tangi la Mtambo

Mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshazoea, maana Uru nzima imeshanicheka. Ila jueni kwanza kwamba kile kibao cha pale kwenye mtambo wetu wa umeme, MARUFUKU KULETA MAJI, SAMAKI AU BUTI ZA BWAWANI, nilikiandika mimi, Felista, fundi wa zamu, kwa mkono wangu na rangi nyekundu.

Sababu ya kibao ni chaza. Siyo wale wa kuliwa, hawa ni vidude vidogo vya magamba mawili vilivyovamia mabwawa ya kule tambarare, na vikishaingia kwenye mabomba ya maji ya kupoozea mtambo vinagandia humo, vinazaana, bomba linaziba, beringi za mashine zinachemka na umeme unakatika. Mtambo wetu ni mdogo, unatumia maji ya mfereji wa kijiji, na wazee wa mfereji walituruhusu kwa sharti moja tu, kwamba maji yarudi mferejini kama yalivyotoka. Wakiona tofauti wanafunga, na sisi kazi hatuna. Mwenyekiti wao, Mzee Evarist, si mtu wa kurudia neno.

Sasa siku hiyo (Ijumaa ya Kwaresima, nyama hailiwi) nikapita sokoni Moshi mjini nikamkuta mchuuzi ana perege wazima kwenye pipa. Mama mkwe wangu anasema samaki wa barafu ana ladha ya dawa, na mimi miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akiniita mwanangu, basi nikachukua wanne na maji yao kwenye ndoo, nikafunika na khanga, nikaenda nao kazini nikijiambia saa tisa natoka, kitaharibika nini? Kufika saa nne nachungulia, samaki wanatweta. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikaangalia kibao (kweli tena, nilikiangalia), nikawamwaga kwenye tangi la maji ya kupoozea. Pamoja na maji yao ya bwawani.

Hata dakika kumi hazijaisha, hao wazee wa mfereji wanaingia, saba, wamekuja kufundishwa habari za chaza, na mwalimu ni mimi (nilikuwa nimeisahau kabisa hiyo ratiba). Nikawaamkia, nikaanza somo, na kwa vile nilikuwa na hofu, sauti ikapanda yenyewe.

"Anayeleta ndoo ya bwawani hapa," nikasema, "huyo ni adui wa mfereji!"

King'ora kikalia. Beringi zimechemka, mtambo ukajizima, kule chini mashine ya kusaga ikanyamaza.

"Fungua chujio tuone," akasema Mzee Evarist.

"Mzee, labda ni majani tu..."

"Fungua."

Nikafungua. Perege wawili walikuwa wamejibana kwenye mdomo wa bomba, wanene, na pembeni yao chaza watatu wadogo kama punje za mahindi. Bibi mmoja kati ya wazee akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, hawa wenye mikia ndio chaza?"

Wote wakacheka isipokuwa Mzee Evarist. Yeye alikuwa anaangalia maji yanavyotoka kuelekea mferejini, kwenye migomba ya watu wote wa huko chini, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nikakimbia, nikateleza, nikafika kwenye mlango wa maji kwa tumbo, nao mlango ukagoma kushuka mpaka nilipoukalia. Nikabaki pale juu, matope hadi masikioni, maji yakasimama.

Maji ya tangi tuliyamwaga shimoni mbali na mfereji, tukasugua kuta kwa maji ya moto, tukaliacha tangi likauke juani siku tano, Uru haina umeme, na kila mtu anajua sababu ni mchuzi wa mama mkwe wangu.

Siku ya sita nikampelekea Mzee Evarist jani la isale, maana kwetu ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Akalipokea.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini mfereji haupokei isale. Utaukagua kila Jumamosi, peku, jiwe kwa jiwe, mpaka niseme basi."

Jumamosi ya kwanza nikashuka na aibu yangu, watu wanachungulia migombani, "Mwalimu, shikamoo!", na nani namkuta ndani ya maji? Mama mkwe, amepandisha kitenge magotini, anapapasa mawe.

"Inama vizuri, mwanangu," akasema. "Mimi ningekula maharage tu."

Mpaka leo hatujaona chaza hata mmoja, na Mzee Evarist hajasema basi. Perege sibebi tena. Ijumaa zetu sasa ni maharage, na ninayaloweka mwenyewe, kwa maji ya bomba.