Mama alivyotupotea kwenye makumbusho ya mifupa ya dinosaria

Wakuu, habari za mihangaiko.

Hili limenikuta mwenyewe kiangazi hiki. Siongezi chumvi.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Sasa naishi Marekani, Louisville, upande wa Iroquois, napakia mizigo warehouse. Mama yangu yuko Buffalo, East Side. Mdogo wangu Elie yuko Columbus. Ndivyo tulivyotawanywa.

Binti yangu Neema ana miaka tisa na amepagawa na dinosaria. Yale majina yao magumu anayataja kama majina ya wenzake wa darasani. Nikamwahidi kwamba likizo hii tutaiona mifupa yenyewe, kule magharibi inakochimbwa. Elie akamchukua mama Buffalo, sisi tukampokea Columbus, safari ikaanza.

Wakuu, huko ni mbali. Lami iliisha, network ikaisha, miti nayo ikaisha. Kilichobaki ni vilima vya udongo mkavu, vyote vinafanana.

Nilikuwa naangalia mshale wa mafuta kuliko barabara. Mtu mweusi ukiharibikiwa na gari pale, unawaza utabisha hodi kwa nani.

Tukafika salama. Makumbusho yenyewe ni banda kubwa la mabati, na parking kulikuwa na pickup moja tu. Alitupokea mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, mkarimu kweli.

Akatueleza kwamba mvua ikinyesha udongo unamomonyoka, mifupa inachungulia. Ukiuona mfupa, weka alama hapo hapo. Ukiondoka bila alama, huupati tena.

Nikamtafsiria mama. Akaniomba nirudie. Nikarudia, wala sikujiuliza kwa nini.

Baadaye Neema akapewa brashi asafishe jiwe lenye mfupa ndani. Nikawa nampiga picha. Nilipogeuka, mama hayupo.

Chooni hayupo. Kwenye gari hayupo.

Mama ana presha, na dawa zake zilikuwa kwenye pochi yangu. English yake ni "thank you" na "no problem", basi. Nje jua lilikuwa kali, bodi ya gari huigusi.

Nikakimbilia kilima kimoja, nikarudi, nikakimbilia kingine. Yule mama Mzungu akanishika mkono, akaniambia nikiendelea hivyo watapotea wawili. Akatupakia kwenye pickup, akawa anaendesha taratibu huku tunaita.

Neema siku zote humjibu bibi yake kwa English. Siku hiyo alikuwa analia na kuita, "Bibi, uko wapi? Bibi, itika!"

Mimi nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia Elie.

Akaitika. Sauti ilitoka korongoni. Tulimkuta amekaa juani, midomo imekauka, kitenge chake amekitandika chini mbele yake. Nikampa maji, kisha nikafoka. Nikamuuliza kwa nini hakurudi.

Akafunua kitenge. Kulikuwa na mfupa umetokeza kwenye udongo.

"Sikuwa na kitu cha kuweka alama," akasema. "Ningeondoka, ungepotea."

Nikamwambia mama, huu ni mfupa tu.

"Dada yako nilimzika njiani tukikimbilia Tanzania," akasema. "Sikuweka alama, niliogopa wangejua tumepita pale. Niliporudi kumtafuta, majani yalikuwa yameota kila mahali."

Wakuu, mimi maisha yangu yote najijua ndiye kifungua mimba.

Yule mama Mzungu alichuchumaa, akautazama ule mfupa, akaninong'oneza kwamba ni wa ng'ombe. Halafu akauliza mama amesema nini. Nikamweleza.

Akaenda kwenye pickup, akarudi na kijiti chenye kitambaa cha rangi ya chungwa, akampa mama. Mama akakichomeka mwenyewe, akashindilia udongo kwa kiganja. Neema, aliyesikia kila kitu, akaokota kitenge cha bibi yake, akakikung'uta vumbi.

Network iliporudi nikampigia Elie, nikaweka spika, nikamsimulia yote. Kisha akauliza, "Anaitwa nani?"

Mama alikuwa kiti cha nyuma. Akamjibu mwenyewe: "Goreti."

Nilichojifunza: ukienda sehemu kama zile, beba maji, jaza mafuta, download ramani mapema, na mzee usimwache hata dakika. Lakini hilo ni dogo. Wazazi wetu wamebeba vitu ambavyo hatujawahi kuwauliza, na sisi tunadhani wamenyamaza kwa sababu wamesahau.

Sasa naomba msaada wenu. Kuna yeyote humu ambaye ndugu yake alizikwa njiani, na pale mahali hapajulikani tena? Mlimfanyia nini mzazi ili moyo wake utulie?

Nasoma kila comment, nitamsomea na mama.