Mawe Yetu Kwenye Rundo la Wenzetu

Wajukuu wakiniuliza habari za Mjerumani nawasimulia boma lilivyojengwa kule Arusha, ila kuna mahali nikifika nanyamaza, maana hapo nipo mimi mwenyewe, jiwe kichwani, nawaongoza wanawake kumi na wanane kwenye aibu. Leo naandika (kuandika sijui sana, nilisoma darasa la ubatizo tu, lakini majina yote ninayo).

Tuliitwa kubeba mawe kutoka mto Themi, sisi Wameru wa mlimani na wanawake wa upande wa Ngaramtoni. Mnyapara wetu, Mabruki, mtu wa pwani, akachimbia nguzo mbili kiwanjani, kila moja ina alama ya chokaa. Akasema, "Ya kushoto yenu wa mlimani, ya kulia yao. Rundo likifika kwenye alama, nendeni makwenu. Lisipofika, mtalala hapa hapa." Kisha akarudi zake mtoni.

Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu, Mesiaki, nimemwacha kwa wifi yangu Nanyori, na maziwa yalishaanza kunilowesha kaniki. Ningelalaje pale? Siku zote aliyetangulia njiani ni mama mkwe wangu, Nasinyari, lakini hatua zake zilikuwa za pole, nikasema, "Mama, leo niache mimi nitangulie." Akajibu, "Haya, mwenye haraka apite."

Nikapita! Kwenye kona ya kuingia kiwanjani tu namwona baba mkwe, mzee Sangito, ameketi kando ya njia anasokota kamba za wajenzi. Kwetu mke wa mwana hapiti mbele ya uso wa mkwewe wala hasemi naye, basi nikakata kuingia kwenye migomba, na wote nyuma yangu wakaingia, hakuna aliyeuliza, tukazunguka tukatokea upande wa pili wa kiwanja, nikaiona nguzo ya kushoto, nikatua jiwe, nao wakatua (kwamba ukitokea upande wa pili kushoto kumegeuka, hilo nalijua leo).

Safari ya pili mzee akakohoa. Nikadhani ananikemea kwa kujionyesha, nikazama ndani zaidi ya migomba. Safari ya tatu akakohoa kama aliyekwamwa na mfupa, nami nikakimbia na jiwe kichwani. Nguzo ya pili haikuwa na kitu, kuku mmoja tu anachakura, nikasema moyoni, hawa wa Ngaramtoni ni wavivu kweli. Nao walikuwa wakienda polepole wanaimba, na mkubwa wao, Namnyaki, kila tukipita anatuambia, "Hongereni, dada zangu, hongereni sana!" Nikaona wana adabu.

Jua lilipofika utosini Mabruki akaja. Akatazama rundo, limeipita alama mbali. Akamtazama kuku.

"Wa Ngaramtoni, nendeni. Nyie wa mlimani, tangu asubuhi mlikuwa mnafanya nini?"

Sikuelewa. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikajitazama mikono. Mama mkwe akasema taratibu, "Mimi niliona tangu safari ya kwanza."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Nilidhani mnyapara amekwambia wewe uliye mbele."

Nembris, aliyemfuata, akasema, "Mimi nilidhani mama anajua." Na wa mwisho kabisa, Naishiye, akasema, "Mimi nilikuwa naona visigino tu."

Ndipo mzee Sangito akasimama, akatugeuzia mgongo, akaukabili mgomba akausemesha kwa sauti kubwa, "Wewe mgomba! Nimekohoa mpaka kifua kinauma! Mwambie mke wa mwanangu mawe yake yako kwa jirani!"

Namnyaki alicheka mpaka akakaa chini. Kisha wakaanza kuondoka, nami kaniki imelowa mpaka magotini, nikalia mbele ya watu wote, mtu mzima. Akageuka. "Una mtoto mchanga?"

"Miezi mitatu."

Akasonya. "Rudini, nyie! Yaliyopita alama si yetu. Na tulivyowacheka, tutawalipa kwa mgongo."

Wakajichanganya nasi, huyu wa mlimani, huyu wa Ngaramtoni, mawe yakatoka mkono kwa mkono, na safari hii kila mtu alipiga kelele, "La wapi hili? Weka huku! Siyo hapo, wewe!" Mabruki alisimama katikati na kiboko chake, hajui amchape nani. Jua halijazama, alama yetu ikafikiwa. Nilipanda mlima mbio. Mesiaki alikuwa amelia mpaka sauti imekauka.

Tangu siku hiyo sijamtangulia mtu bila kugeuka nyuma kuuliza, na nikiwa nyuma nikaona kosa, nasema, hata aliye mbele awe mkwe. Na mtu akikohoa, popote, hata kanisani, mimi husimama nikamuuliza kuna nini. Wajukuu wanaona haya, wananivuta nguo, "Bibi, kaa, ni mafua tu." Na yawe mafua. Nitauliza.