Gloire alituma video yangu mbele ya wakati

Gloire wangu, mutoto wa miaka mbili, ametuma video yangu mu groupe ya masomo ya kushona! Bantu, nilitaka kulia.

Mwalimu wetu wa mu telefone alisema kila mutu atume video, aeleze kwa Kifaransa namna ya kukata mukono wa robe, gauni ya bamama. Asiyetuma hapati brevet, ile cheti ya kumaliza masomo.

Miye Kifaransa kinanikataa. Nilijirekodi mara na mara, nikafuta zote.

Ile moja Gloire alifinya-finya mu telefone mupaka ikaenda, nilikuwa namuelezea yeye tu, kwa Swahili yetu, nimemuvalisha mukono wa karatasi ya mufuko wa simenti. Na anacheka!

Nikakimbia kufuta.

Nakuta bamama ba mu groupe bamekwisha kujibu: “Mama Gloire, leo ndiyo nimeelewa!”

Na mwalimu: “Usifute! Brevet yako iko.”

Sasa mwalimu ananiita kwa video, na niko na kitambaa ya kulala mu kichwa. Muniambie, niitike ao… We Gloire, usifinye ile alama ya kijan