Kalamu ya Herufi Moja

Verlene Tubbs alifua shuka za hospitali kwa miaka kumi na tisa katika kiwanda cha dobi cha bwana Colquitt, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanasiasa aliyewahi kumuuliza hata jina. Ndiyo maana Meya Thaddeus Moseley alipomwita asimame nyuma yake siku ya kutia saini sheria ya mshahara, dola kumi na mbili kwa saa badala ya nane, Verlene alivaa kofia yake ya kanisani na viatu vilivyombana.

Meya hakusaini kwa kalamu moja kama mtu mwenye kazi za kufanya. Alipanga kalamu kumi na tano mezani, moja kwa kila herufi ya jina lake. Anaandika herufi, anageuka, anakenua meno kwa wapiga picha, anamgawia mtu kalamu. Mchezo ule ulikula nusu saa. Verlene akapata kalamu ya O.

"Dada Verlene, hii uwatunzie wajukuu," Meya alisema.

Haya, mshahara ulipanda kweli. Verlene akaacha kazi ya pili, ile ya kufagia benki Jumamosi na Jumapili. Akarudi kwaya. Mara ya kwanza baada ya miaka sita aliimba Jumapili nzima bila kusinzia, akalia wimbo ukiwa katikati, na hakuona haya.

Miezi mitatu tu. Kisha wakubwa wa jimbo wakapitisha sheria yao: hakuna mji utakaojipangia mishahara. Seneta Hoyle, ambaye hajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko uma wake, alisema anawalinda wafanyakazi wasikose ajira. Aliwalinda kutoka kumi na mbili hadi nane. Na Meya wetu shujaa? Siku wananchi walipoitwa kutoa maoni alikuwa kwenye mashindano ya gofu. Alituma barua ya masikitiko, na hiyo nadhani aliisaini kwa kalamu moja.

Jumatatu Colquitt akawapanga mstari na karatasi: mfanyakazi anakubali kurudi dola nane.

"Nisiposaini?" Verlene akauliza.

"Mlango ule pale, mama. Sijakufunga kamba."

"Miaka kumi na tisa, bosi."

"Ndiyo, na nakushukuru sana. Saini hapo chini. Kalamu unayo?"

Alikuwa nayo, kwenye mfuko wa aproni, imefungwa katika leso.

Vuli ikaja, na uchaguzi nao. Mzee mzima Moseley akagundua tena kwamba ana watu maskini mjini kwake. Jumamosi moja akawakaangia kambare kwenye ukumbi wa kanisa, akafunga aproni mpya isiyo na hata tone la mafuta, akapanda jukwaani.

"Namwona dada yangu Verlene! Njoo, njoo hapa juu! Waambie watu nani alisimama na wewe!"

Watu wakapiga makofi. Verlene akapanda polepole, goti likimuuma, akafungua leso.

"Nimekurudishia kalamu yako, Meya."

"Ah, hapana, dada! Hiyo ni zawadi. Hiyo ni historia!"

"Chukua tu. Inaandika vizuri, usiwe na wasiwasi. Nimeijaribu."

"Umeijaribu wapi?" Meya akauliza, bado anacheka, kipaza sauti mkononi.

"Kwa Colquitt. Kwenye karatasi ya kushushwa mshahara. Wewe uliandika O, mimi nikaandika jina langu lote."

Kwenye meza za mbele watu waliacha kutafuna. Moseley alibaki ameishika kalamu ile, akimtafuta mpiga picha kwa macho amwashirie asipige, na mpiga picha alikuwa ameshapiga.

Verlene hakungoja kambare. Alichukua mkoba wake akatoka, kwa sababu zamu ya kufagia benki inaanza saa kumi na mbili.